Nafasi ya Mtu Mmoja

Mimi ni mtu wa hasira, na nisiposema mwenyewe wanafunzi wangu watasema. Mwaka nilipofika kwenye ile shule ya wasichana, juu kidogo ya mtaa wa Cimpunda, prefe, yaani mkuu wa shule, alinipa ratiba yenye mambo matatu: muziki Jumatatu, dansi Jumatano, tamthilia Ijumaa. Nikamrudishia karatasi yake palepale. Nikamwambia, "Papa Prefe, hii ni kumpa mtu chumvi Jumatatu, majani ya sombe Jumatano, moto Ijumaa. Atakula lini?" Hakucheka. Lakini aliniwekea saa zote tatu pamoja, Alhamisi mchana, nadhani ili nisirudi tena ofisini kwake kugonga meza.

Mambo haya sikuyapata chuoni kwanza. Niliyapata kijijini Mudaka kwa koko wangu, yaani mama yake mama. Alikuwa akisimulia kisa, na akifika mahali ambapo maneno hayatoshi, anaimba. Wimbo ukipata moto, anainuka na kucheza huku mwiko bado uko mkononi. Hakuna aliyemwambia, "Koko, umebadilisha somo." Basi na mimi nilifundisha hivyo. Mtoto anayepiga ngoma atacheza, anayecheza atasema, anayesema ataimba, na anayelalamika ataanza upya mbele ya wenzake. Walinichukia kidogo, na walijifunza haraka.

Mwaka huo nilikuwa na wasichana ishirini na sita wa darasa la tano la sekondari. Nikawaambia watunge mchezo wao wenyewe wa kuonyesha mbele ya wazazi mwisho wa mwaka. Wakatunga kisa cha baba anayekwenda kutafuta dhahabu Shabunda, shimo linamfunika, na watu wa nyumbani wanabaki kumwita. Sikuwachagulia mimi. Katika mji huu, ukihesabu nyumba kumi utapata moja yenye mwanaume aliyekwenda machimbo na hajulikani alipo.

Nyumba mojawapo ilikuwa ya msichana niliyempa kuongoza wimbo. Baba yake aliondoka miaka mitatu kabla. Alipiga simu mara mbili, kisha kimya. Hakuna mwili, hakuna habari, hakuna mwenzake aliyerudi na kusema nilimwona. Mama yake aliuza sambaza, dagaa wa ziwani, pembeni ya barabara chini ya shule, na kila jioni alipakua bugali kwenye sahani ya mume wake, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka mahali pake. Asubuhi watoto wanaila ikiwa baridi. Alinieleza mwenyewe siku ya kumwandikisha binti yake, akasema mtu yeyote asithubutu kutamka neno marehemu mbele ya mtoto wake. Nilijua yote hayo, na bado nikampa binti huyo nafasi ya binti wa aliyepotea. Nisidanganye. Nilimpa kwa sababu nilijua. Sauti yenye jambo ndani yake haifundishwi, na mimi nilikuwa na uchu wa sauti kama ile.

Tulifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa zamani, wa mabati, ambao upande mmoja una madirisha yanayotazama bondeni na upande wa pili una madawati mabovu yaliyopangwa hadi darini. Umeme hakuna. Wakati wa mvua, kuelekea saa nane za mchana, ukungu unapanda kutoka ziwani na kuingia kwa madirisha bila kubisha, na watoto wa mstari wa nyuma wanabaki vivuli tu. Wimbo wao ulikuwa mfupi. Msichana anaita, "Papa, umefika wapi?" Wote wanajibu kwa niaba ya baba, "Niko njiani." Basi. Anaita tena, wanajibu tena, ngoma inakaza.

Alhamisi ya tatu nilisikia sauti ya mwanaume.

Ilikuwa nzito, ya chini, na ilikuja nyuma kidogo ya wengine, kama mtu anayepanda Cimpunda na mzigo na pumzi zimemwishia. Niko njiani. Nikaweka kiganja juu ya ngoma. "Nani anafanya ujinga?" Mimi sauti za wanafunzi wangu nazijua kama mama anavyojua vikohozi vya watoto wake, hata gizani. Nikawaimbisha mmoja mmoja, wote ishirini na sita. Hakuna hata mmoja aliyeweza kushuka hadi pale.

Shuleni kulikuwa na wanaume wawili tu, prefe na mlinzi wa getini. Prefe alikuwa ameshuka mjini. Nikatuma mtoto amlete mlinzi. Akaja mbio, hindi la kuchoma mkononi, anadhani kuna mwizi.

"Ni wewe njo unaimba hapo dirishani, Papa?"

"Mimi, Madamu? Hata kanisani banasemaka nifunge kinywa!"

Watoto wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimekasirika sana lakini nilicheka, maana kicheko kilinisaidia kutogeuka kutazama yale madawati.

Wiki iliyofuata nikajaribu kama fundi anayetafuta bati linalovuja. Nikambadilisha kiongozi wa wimbo. Sauti haikuja. Nikaweka wa pili, wa tatu, hamna. Nikamrudisha yule msichana, na kabla hata hajamaliza kuita vinyweleo vya mikono yangu vilikuwa vimesimama. Ikajibu. Safari hii niliona watoto wawili wa mwisho wakisogea karibu na wenzao bila kutazama nyuma, kama mtu anavyompisha mwingine kwenye benchi la kanisa.

Kisha dansi ya duara ikaharibika. Nilikuwa nimewafundisha kushikana viunoni na kuzunguka kwa hatua tatu na kisigino, na duara likawa na pengo. Nikapiga kelele, "Fungeni!" Wakafunga. Mzunguko wa pili, pengo likarudi, upana wa mtu mmoja, na siku zote lilikuwa linamwelekea msichana anayeongoza. Hakuna aliyewaambia waliache. Nikawahamishia upande wa madirisha, na pengo likahama nao. Nikasema, wajinga ninyi, nitawaonyesha mimi mwenyewe, nikaingia pale katikati ya mabega mawili na kuanza kucheza. Baridi ilinipanda kuanzia nyayo. Baridi ya ukungu naijua, nimezaliwa nayo hapa Bukavu. Hii ilikuwa na uzito, kama nguo ya mtu mwingine iliyolowa. Nikatoka, nikasema ninakwenda kukaza ngozi ya ngoma.

Kwenye tamthilia nako, msichana yule akaanza kuacha nafasi katikati ya maneno yake. Anasema sentensi moja mlangoni, ananyamaza, anatikisa kichwa, anaendelea. Nikamuuliza, kwa ukali wangu uleule, nani alimwandikia huko kunyamaza.

"Hapana mutu, Madamu. Nangojaka amalize."

Siku hiyo alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akafunga dirisha moja, akafunga la pili, akaja kusimama mbele yangu.

"Madamu, unaisikiaka?"

Ningeweza kumwambia aende nyumbani. Nilimwangalia, mtoto wa miaka kumi na saba, sketi ya bluu imepauka, macho makavu. Nikasema, "Ninaisikia."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi miye siko kichaa. Ni papa, Madamu. Ni sauti yake kabisa. Kama ananijibu, hajakufa. Iko njiani, njo anasema."

"Umemwambia mama yako?"

"Hapana! Atakuja kumwita hapa. Na kama asipomujibu yeye, je?" Akashika ukingo wa ngoma yangu. "Siku batu batasema alikufa, Madamu utanisaidia kusema unamusikiaka?"

"Nitasema," nikamwambia. Nilimwahidi kwa kinywa changu, mchana, nikiwa na akili timamu. Alitoka akitembea kama mtu aliyetua mzigo.

Sasa nieleze kosa langu, maana lilikuwa kosa la mwenyeji, mgeni asingeweza kulifanya. Kwetu upande wa Mudaka, zamani, mtu akipotea na mwili usionekane, na watu wake wakaamua kumaliza kungoja, wanakata mgomba, wanauvika nguo yake, wanaulaza kwenye mkeka na kuuzika. Nikiwa mdogo nilimwona koko wangu akimzika hivyo kaka yake. Nilitaka jambo hilo liwe mwisho wa mchezo. Nikawaambia watoto walete mgomba, mkeka, na koti kuukuu la mwanaume. Sikuuliza koti litatoka kwa nani. Alhamisi iliyofuata likaja koti la kijivu, kiwiko kimeshonwa kwa uzi mweusi, na yule msichana mwenyewe ndiye aliyelifunga kwenye mgomba. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Ni juu asisikie baridi sana, Madamu, koti iko tu nyumbani." Sikuelewa kama alimaanisha yule wa mkekani au yule wa njiani. Sikuuliza tena, kwa sababu picha ile ilipendeza macho.

Tukaanza kilio. Walilia vibaya, kwa aibu, na mimi nikapandwa na moto wangu. "Lieni kama watu! Munalia kama kuku aliyelowa! Mutu amekufa hapa!" Eh, ndivyo nilivyosema. Wakalia. Ngoma nikaipiga polepole, moja, kimya, moja. Wasichana ishirini na sita wakipiga yowe chini ya mabati si jambo dogo.

Na mimi, mzaliwa wa hapa, nilisahau kwamba Cimpunda nyumba zimepandana, bati la huyu ni kizingiti cha yule. Huko yowe la kilio halisubiri kuulizwa. Mwanamke anaacha sufuria motoni, anafunga kitenge kiunoni, anabeba kuni na kwenda kule sauti inakotoka, maana wafiwa watahitaji moto. Na kuni za kilio hazirudi nyumbani. Ukirudi nazo umekirudisha kifo mlangoni kwako. Hata mtoto mdogo anajua.

Mlango ukafunguliwa, ukungu ukaingia, na nyuma ya ukungu wakaingia wanawake. Walikuwa zaidi ya kumi, kila mmoja na kuni kichwani, wamelowa, wameshaanza kujifuta macho. Nyuma yao aliingia mama wa yule msichana, magamba ya sambaza bado mikononi. Watu walikuwa wamemwambia barabarani, ni mutoto wako njo analia papa yake.

Nikaacha kupiga ngoma. Mama alipita katikati ya watoto hadi kwenye mkeka, akasimama, akatazama koti. Kile kiwiko alikuwa amekishona yeye.

"Nani alileta habari?" akauliza.

"Maman, hakuna habari," nikasema. "Ni mchezo tu wa batoto. Tunajifunza. Pole sana, Maman, pole."

Hakunitazama. Mmoja wa wanawake, mwenye mvi, akaniambia kwa upole, "Madamu, sisi tulishafika na kuni. Tutazirudisha wapi sasa?" Prefe naye akatokea mlangoni, miwani puani, na nyuma yake mlinzi.

Mama akapiga magoti. Akafunga vifungo vya koti juu ya mgomba, kimoja kimoja, cha juu kabisa kikamsumbua kidogo. "Miaka tatu namufunikia sahani," akasema. "Kila asubui naifunua, iko vilevile. Nimechoka, bamama. Nimechoka kabisa. Basi, mulishaanza. Leo tumuzike."

"Hapana!" Msichana aliruka kama aliyechomwa. "Mama, hajakufa! Ananijibuka hapa! Kila siku ninamwita ananijibu! Muulize Madamu, Madamu anamusikiaka!"

Wote wakanigeukia. Wanawake na kuni zao, watoto ishirini na watano ambao kila mmoja alikuwa ameisikia sauti ile na kila mmoja alikuwa anasubiri niseme mimi mkubwa. Prefe akavua miwani yake. Na yule mama, bado amepiga magoti, akainua uso, nikaona kwamba alikuwa tayari kuniamini. Neno moja tu, angelivua lile koti kwenye mgomba na kwenda kupakua bugali.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilikataa ili kumkinga mtoto. Mji huu una vyumba vya maombi ambako binti anayezungumza na wafu anafungiwa siku nzima bila chakula hadi akiri uchawi. Ni kweli vipo. Lakini si hiyo niliyoiwaza. Niliwaza prefe, niliwaza wazazi wakisema mwalimu yule anaita mizimu darasani, niliwaza kazi yangu.

"Mimi sijasikia kitu," nikasema. "Ni mwangwi. Ukumbi wenyewe ni wa zamani."

Msichana hakulia. Aliniangalia tu kama unavyomwangalia mtu uliyedhani unamfahamu barabarani, kumbe siye.

Walimzika mchana uleule, nyuma ya nyumba yao, mahali padogo kati ya ukuta na mtaro. Nilikwenda. Kuni ziliwashwa, mvua ikakatika, watu wakaimba. Nilitupa udongo wangu kama wengine. Mama alilia hadi sauti ikaisha, kisha akaomba chakula, akala mbele ya watu wote, akamaliza. Nilimwonea furaha, nasema kweli. Siku chache baadaye alipanda hadi shuleni na sambaza zilizofungwa kwenye jani la mgomba. "Aksanti, Madamu," akasema. "Sasa ninalalaka." Nikazipokea. Ningezikataaje?

Alhamisi iliyofuata sauti haikuja. Duara lilijifunga lenyewe, bega kwa bega, bila mimi kupiga kelele. Msichana aliimba vizuri kuliko siku zote, kila noti mahali pake, na mimi nilikuwa nampigia ngoma. Nikamwambia kama amechoka mwingine anaweza kuongoza. "Hapana, Madamu. Nitaimba." Zaidi ya hayo hakusema nami neno. Nilijaribu kumwita pembeni mara tatu, na mara tatu alikuwa na kazi.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama yake alikaa mstari wa mbele, kitenge kipya, anacheka na jirani. Prefe alikaa pembeni yangu karibu na ngoma. Mchezo ulikwenda vizuri. Watu walicheka panapochekesha, na baba alipoingia shimoni mtoto mmoja wa nyuma akalia kwa hofu. Tukafika kwenye wimbo.

"Papa, umefika wapi?" akaita.

Wenzake wakavuta pumzi ili wajibu, na yeye akainua mkono kuwazuia. Mimi nikaweka kiganja juu ya ngozi. Akageukia upande wa madawati, akangoja. Watu mia na zaidi walikuwa mle ndani, na nilisikia tone la maji likidondoka nje kwenye bati la chini.

"Papa, umefika wapi?"

Hakuna kitu. Nilisikiliza kwa mwili mzima. Nilimwomba Mungu, nilimwomba koko wangu, nilimwomba hata mgomba ule chini ya udongo.

Mara ya tatu hakugeukia madawati. Alinigeukia mimi. Akaita wimbo uleule huku ananitazama machoni, na akangoja. Nilikuwa na kinywa. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, niko njiani, kila mtu pale angeweza kuyasikia, na hata kama yangekuwa hayamrudishi mtu yeyote, yeye angejua kwamba alisema kweli.

"Basi," akasema, kwa sauti ya kawaida, si ya kuimba. Akashuka jukwaani na kutoka kwa mlango wa nyuma.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama yake ndiye aliyesimama wa kwanza, anapiga vigelegele, machozi yanamtoka, anawaonyesha watu kwamba yule ni wake. Prefe akaniinamia sikioni. "Ile kimya ya mwisho, Madamu," akasema, "ni wewe ulimufundisha?"

Nikamwambia ndiyo.